Mwanaume wa Kwenye Picha ya Segera

Sehemu ya Sita

Kwa aliyeingia leo: Fausta Ponsiano ni yule binti wa Korogwe aliyeacha kazi ya mapokezi kwenye gesti akaamua kula kwa picha. Wenye maduka wanampa nguo, anazivaa, mtoto wa mama yake mdogo aitwaye Kaleb anampiga picha, zinapanda Insta, wateja wanaagiza, naye analipwa. Mmemwona akichekwa na majirani. Mmemwona akiibiwa ukurasa wake na kuurudisha kwa machozi. Kisha mkamwona akiokotwa na mzee Sharifu, tajiri wa vitambaa na malori pale Segera, aliyemfanya kuwa sura ya duka lake.

Wiki iliyopita tulimwacha ameshika simu. Alikuwa ameweka picha yake, kavaa dera la zambarau, amesimama mbele ya meza za machungwa pale njia panda ya Segera. Picha ikapendwa kuliko zote alizowahi kuweka. Ndipo akaunti isiyo na sura ikamwandikia: "Dada, huyo mwanaume aliyekaa nyuma yako tulishamzika."

Fausta aliikuza picha kwa vidole.

Nyuma ya bega lake, juu ya kreti lililopinduliwa, alikaa mwanaume mwenye kofia ya kijivu, anamenya chungwa. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekatika nchani. Zaidi ya hapo alikuwa mtu tu, kama watu wote wanaosubiri safari Segera.

Akaandika: "Wewe ni nani?"

Hakujibiwa kwa maandishi. Simu yenyewe iliita, maana namba yake ilikuwa pale pale kwenye ukurasa kwa ajili ya wateja.

"Naitwa Maryamu," sauti ya mwanamke ilisema. "Nakupigia kutoka Sindeni huku, Handeni. Samahani kwa usumbufu."

"Bila samahani, dada. Labda umemfananisha."

"Hilo sikio nimelala nalo ndoa yangu yote. Aling'atwa na mbwa utotoni. Huyo ni Muhidini, mume wangu."

Akaeleza taratibu, bila kulia, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo peke yake mara nyingi. Muhidini alikuwa dereva wa lori. Lori likiwa limesheheni mkaa liliwaka moto karibu na Mkata. Kilichobaki kililetwa nyumbani kimeshafungwa kwenye sanda, wakaambiwa wasifungue. Wakazika. Yeye akakaa eda mpaka ikaisha.

"Na Jumamosi hii naolewa," alisema.

"Na nani?"

"Na tajiri wake, mwenye lile lori. Ametufaa sana, chakula cha eda nzima katuletea yeye. Anaitwa Sharifu. Ana duka Segera."

Fausta alijitazama. Hata kanga aliyojifunga wakati ule ilitoka kwenye duka la Sharifu.

"Ndiyo maana nimekutafuta," Maryamu aliendelea. "Nikiolewa Jumamosi na mume wangu yu hai, hiyo ni ndoa au ni nini?"

Fausta alimwomba ampe muda kidogo, akakata simu.

Hata hajaiweka simu chini, ikaita tena. Mzee Sharifu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo huko Mkumbara? Bati nilizomtumia zimefika?"

"Zimefika, mzee. Fundi ameshazipiga juu."

"Alhamdulillahi. Sasa, ile picha ya Segera. Itoe."

"Kuna shida? Mbona inafanya vizuri, watu wanaagiza."

"Rangi haikutoka. Zambarau yangu inaonekana kama bluu. Itoe, tutapiga nyingine. Na usiitoe kwenye ukurasa tu, mwanangu. Futa na kwenye simu. Na kwenye ya Kaleb."

Tangu waanze kazi pamoja, mzee Sharifu hakuwahi kuuliza picha zinakaa wapi. Alikuwa mtu wa kupokea oda na kusema mashallah basi.

"Halafu Jumamosi nina shughuli," aliongeza, sauti imelainika. "Naoa. Nataka wewe uje umpige picha bibi harusi. Nguo zake nimeshachagua mwenyewe."

"Hongera, mzee," Fausta alisema.

Aliificha picha kwenye ukurasa. Kisha akatoka mbio kwenda kwa Kaleb.

Kaleb alikuwa kwenye kibanda chake cha kuchajia simu, anakula mihogo. Fausta alipomaliza kusimulia, kijana alifuta mafuta mikononi, akafungua simu yake. Siku ile alibonyeza mfululizo, kama kawaida yake, ili wachague picha moja nzuri. Zilizobaki walikuwa hawajazitazama.

Sasa walizitazama.

Katika ya kwanza mwanaume alikuwa anamenya chungwa. Katika ya pili ameinua uso, anaitazama kamera moja kwa moja. Katika ya tatu mkono umefunika uso na chungwa limedondoka. Katika ya nne kreti lilikuwa tupu, na pembeni kabisa mwa picha palionekana gari jeupe lenye vioo vyeusi, mlango wazi, mguu wa mtu unaingia.

"Hilo gari ni la mzee," Kaleb alisema.

Halikuhitaji kubishaniwa. Lilishawaleta Korogwe mara kadhaa.

"Kwa hiyo anajua yu hai," Fausta alisema. "Anajua, na anamwoa mkewe."

"Dada, futa. Bati za mama mkubwa ziko juu ya nyumba. Utapanda ukazishushe?"

"Kuna mwanamke anaolewa Jumamosi, Kaleb."

"Watu wanaolewa kila Jumamosi."

Fausta alijitumia zile picha zote nne. Akamwambia Kaleb azifute za kwake, asimwambie mtu. Kaleb aliitikia, lakini kidole chake kilikuwa bado kinapitapita juu ya ile ya pili, ile ya uso.

Asubuhi iliyofuata Fausta alishuka Sindeni.

Nyumba ya akina Muhidini ilikuwa imepakana na shamba la mahindi lililofika mpaka uani. Maryamu alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, macho makubwa. Alimpokea Fausta mkoba kama wanajuana siku nyingi. Ndani, kwenye mkeka, bibi mmoja alikuwa anachambua kunde kwenye ungo.

"Huyu ndiye mama yake Muhidini," Maryamu alisema. "Bibi Tatu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Za Korogwe?"

"Njema, bibi."

Maryamu alishindwa kungoja hata maji ya kunywa. Alikaa, akaweka simu yake pale mkekani, akanyoosha mkono. Fausta akampa ya kwake.

Alizipitia picha polepole. Alipofika kwenye ile ya uso akakaa nayo. Fausta alijiandaa kwa kilio, akaangalia mlango kama kuna jirani karibu.

"Amekonda," Maryamu alisema. Basi. Kisha akamgeukia mama mkwe. "Mama, hebu tazama."

Bibi Tatu aliivuta simu karibu, akaipeleka mbali, akaivuta tena.

"Huyu si Muhidini."

"Mama, sikio hilo."

"Masikio yaliyokatika ni mengi. Nenda katupikie chai, mgeni ametoka mbali."

Maryamu hakubisha. Akatoka kwenda jikoni, kibanda kilichokuwa ng'ambo ya ua.

Hatua zake zilipoacha kusikika, bibi Tatu alimrudishia Fausta simu, akausogeza ungo pembeni. Uso wake haukuwa tena ule wa kumpokea mgeni.

"Wewe binti unataka kuniulia mtoto?"

"Bibi, si umesema siye?"

"Nimesema kwa ajili ya aliyeko jikoni. Toa hizo picha huko ulikoziweka, rudi kwenu."

"Kwa hiyo unajua kama yu hai. Na yeye anajua mkewe anaolewa?"

"Yeye ndiye aliyesema aolewe. Ameshamwacha. Aliniambia kwa mdomo wake, amekaa hapo hapo ulipokaa wewe."

"Kwa nini, bibi? Mtu anaachaje mke na kujiacha azikwe?"

"Sikumuuliza." Sauti ya bibi ilishuka. "Nilikuwa nimeshamlilia mwanangu mpaka machozi yakakauka, halafu akaja kunigongea mlango. Wewe ungemuuliza nini?"

Nje kuni zilikuwa zinavunjwa, moja moja.

"Kule kaburini yuko nani?" Fausta aliuliza.

Bibi Tatu aliuvuta ungo, akarudi kwenye kunde zake. "Namwombea kila Ijumaa. Jina silijui, lakini dua zinamfikia."

Ndipo simu ya Fausta, iliyokuwa imekosa mtandao tangu njiani, ikaanza kutetemeka mkononi. Ikatetemeka na haikuacha, kama imeshikwa na homa. Alipofungua alikuta ukurasa wake umejaa watu. Picha ilikuwa imerudi. Zote nne zilikuwa pale, zimepangwa kwa mfuatano, na juu yake pameandikwa: "Nani anamfahamu huyu jamaa?"

Ujumbe wa Kaleb, aliyekuwa na neno la siri la ukurasa, ulikuwa umetangulia. "Dada, usinikasirikie. Watu walikuwa wanauliza picha imekwenda wapi, nikaona tusiiache ipotee bure. Angalia inavyokwenda. Kuna wawili wameshaulizia matangazo. Halafu mzee Sharifu amepiga kwa ukali, nikamwambia uko Sindeni."

Fausta alisoma maoni. Wengi walikuwa wanacheka, wengine wanaulizia bei ya dera. Mmoja akaandika: "Huyu si Muhidini dereva? Mbona alikufa?" Chini yake wakaja wengine, na wengine. Kisha mwanamke mmoja wa Kerenge, jina lake Yusra, akaandika maneno marefu.

"Huyu ndiye aliyempakia mdogo wangu Segera siku lori lilipoungua. Mdogo wangu alikuwa anakwenda Dar kuanza kazi. Hakufika. Tumezunguka hospitali zote na vituo vyote. Walituambia dereva alikuwa peke yake na amekufa. Muhidini, kama unasoma hapa, Twaha yuko wapi?"

Fausta aliirudia mara mbili. Kisha akainua uso.

"Bibi," alisema. "Anaitwa Twaha."

Mkono wa bibi Tatu ulisimama juu ya ungo. Hakuuliza nani. Alisema kitu kwa Kizigua, taratibu, ambacho Fausta hakukishika, akajipangusa uso kwa ncha ya kanga.

Gari liliingia uani.

Fausta alilijua kwa mlio kabla hajaliona. Lilisimama karibu na mahindi, jeupe, vioo vyake vyeusi vimepandishwa mpaka juu. Mzee Sharifu alishuka upande wa dereva akafunga mlango, lakini injini hakuizima.

"Hodi."

"Karibu," bibi Tatu alijibu, kama siku zote.

Sharifu alikaa kwenye ukingo wa kiti. Kanzu ilikuwa imemganda mgongoni kwa jasho. Alimwamkia bibi, akapokea salamu ya Fausta, yote kwa utaratibu, kisha akasema: "Mwanangu, nilikuomba kitu kidogo sana."

"Niliitoa, mzee. Kaleb ndiye aliyeirudisha."

"Najua. Segera nzima imeshaiona. Wamejaa dukani kwangu wanamuulizia Muhidini. Nimemtoa kwa mlango wa nyuma."

"Yuko wapi?" bibi Tatu aliuliza.

Sharifu alitazama nje, kwenye gari linalonguruma. "Nampeleka mbali. Hawezi kushuka, majirani watamwona. Nimepita ili umuage."

Hakuna aliyemsikia Maryamu akija. Walimwona tu mlangoni, ameshika sinia la chai. Alikuwa amesikia.

Aliinama akaliweka sinia sakafuni kwa uangalifu, hata tone halikumwagika. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Maryamu," Sharifu alisema, ameshainuka. "Usiende pale."

Alikuwa ameshageuka. Alikwenda kwa mwendo wake wa kawaida, kama anayefuata nguo kwenye kamba. Akafungua mlango wa mbele wa abiria.

Kutoka ndani waliona mgongo wake tu. Alisema neno. Akasikiliza. Akasema tena. Mkono wake uliingia ndani ya gari, ukakaa huko kitambo, kana kwamba unagusa uso wa mtu. Kisha akapanda, akafunga mlango.

Fausta alipumua. Aliona mambo yamekwisha, mke amempata mumewe, mengine watayamaliza wakubwa. Mkono wake ukainua simu wenyewe, kwa mazoea. Gari jeupe, mahindi ya kijani, anga safi. Ilikuwa picha nzuri.

Gari likarudi nyuma, Muhidini ameshahamia kwenye usukani. Likakata kona, likapita kati ya mahindi na ukuta wa jiko, likatoka uani. Barabarani halikushika njia ya Korogwe. Lilielekea upande wa Handeni, vumbi likapanda, likafunika kila kitu.

Sharifu alikuwa amelikimbiza mpaka barabarani. Alirudi na kiatu kimoja. Fausta alitegemea hasira, akasogea karibu na bibi. Lakini mzee hakuwa na hasira.

"Mama, kwa nini hukumzuia?"

"Nimzuie mke asiende kwa mumewe?"

"Hujui, mama. Hujui." Alikaa chini, sakafuni, karibu na sinia la chai. "Nilikuwa namtoa Maryamu mikononi mwake. Unadhani nimekosa wanawake Segera mpaka nikaoe mjane wa dereva wangu? Nilimwambia nitamficha, ila amwache mkewe. Ndiyo yalikuwa makubaliano yetu."

"Mtu hafichwi bure," bibi Tatu alisema. "Mwanangu alifanya nini?"

Sharifu alimtazama Fausta, kama anataka atoke. Fausta hakutoka.

"Yule kijana hakufa kwa moto," alisema. "Muhidini alinipigia, nikawahi pale kabla ya mtu yeyote. Moto ulikuwa bado uko nyuma, kwenye mkaa, haujafika mbele. Kijana alikuwa kwenye kiti, ameshakufa. Na mlango wa upande wake ulikuwa umefungwa kwa kamba. Kwa nje."

Bibi Tatu alishikilia ungo kwa mikono yote miwili.

"Na wewe ukamwacha aungue," Fausta alisema. Hakujua sauti ile ameitoa wapi.

"Muhidini alisema nikimtaja, atasema nilimtuma."

"Ulimtuma, mzee?"

Mzee Sharifu akachukua kikombe kimoja cha chai kwenye sinia, akakishika bila kunywa.

Fausta hakungoja jibu. Kwenye gari lile alikuwemo mwanamke ambaye jana tu alimuuliza swali, naye badala ya jibu akamletea picha. Alitafuta namba ya Maryamu, vidole vinakosea, akaipata, akapiga. Amwambie ashuke. Aseme anaumwa, aseme lolote, popote watakapopunguza mwendo ashuke.

Simu iliita.

Iliita humo humo ndani, kwenye mkeka, pale Maryamu alipoiacha, karibu na goti la bibi Tatu.

Bibi aliitazama ikiwaka. Akaiokota, akaibandika sikioni kwa mikono miwili.

"Maryamu?" alisema. "Maryamu, mwanangu, uko wapi?"

Na Fausta, amesimama hatua chache kutoka kwake, akaisikia ile sauti mara mbili: mara moja chumbani, na mara moja kutoka kwenye simu, ndani ya sikio lake mwenyewe.